MAFUA YASIYOKWISHA: JE, TUNAYARITHI?



Mwezi huu tunazungumzia ugonjwa ambao kwa kawaida haumlazi mtu hospitalini, na kwa sababu hiyo katika familia nyingi hauhesabiwi kuwa ugonjwa. Ni yale mafua ya mtu anayepiga chafya kumi mfululizo kila akiamka. Pua inawasha na kuchuruzika maji, macho yanawasha na kutoka machozi, lakini homa hana. Mafua ya kawaida huisha baada ya wiki moja hivi. Haya huenda na kurudi mwaka baada ya mwaka. Madaktari huyaita mafua ya mzio, au mafua ya aleji kama wengi tunavyosema.

Tumeona vema kuyaeleza kwa upande wa urithi, kwa sababu huko ndiko kwenye maneno mengi majumbani. Bibi akimwona mjukuu wake anapiga chafya kila asubuhi husema, "Haya yametoka kwa mama yake, kwetu hayapo." Baba mwingine, ambaye kwao hakuna mwenye mafua hayo na kwa mkewe pia hakuna, huanza kunong'ona kwamba huenda mtoto si wake. Kijana akitaka kuposa huulizwa, "Ukoo ule una pumu na mafua, kweli unataka kuoa huko?" Na wapo wanaokimbilia kusema kuna mkono wa mtu. Hata wanafunzi wa Yesu walipomwona kipofu, swali lao la kwanza lilikuwa nani aliyekosa, yeye au wazazi wake. Maneno ya namna hii yameumiza watu wengi, na karibu yote hayana msingi.

Mbwa anayembwekea mgeni mwema

Mwili una askari wake wa kuulinda. Miongoni mwao kuna kingamwili, yaani protini zinazomtambua adui na kumshika. Moja ya kingamwili hizo ni ile ya aina ya E. Iligunduliwa katika miaka ya 1966 na 1967 na watu waliokuwa mbali mbali: Kimishige Ishizaka na mkewe Teruko, Wajapani waliofanya kazi Denver, Marekani, na S.G.O. Johansson na Hans Bennich huko Uppsala, Uswidi. Wataalamu wengi wanaamini kwamba kazi yake ya asili ni kupigana na minyoo na vimelea vingine vya jinsi hiyo.

Kwa mtu mwenye mzio, askari huyu hukosea adui. Anavishambulia vitu visivyo na madhara: vumbi lenye kinyesi cha utitiri, wale wadudu wadogo mno wanaoishi ndani ya magodoro na mito na ambao macho hayawezi kuwaona, chavua, yaani ule unga wa maua ya nyasi na miti, ukungu wa kuta zenye unyevu, mabaki ya mende, na magamba ya ngozi ya paka au mbwa.

Jambo hili huenda kwa hatua mbili. Mara ya kwanza mtu akivuta vumbi hilo haoni kitu. Kimyakimya mwili wake unatengeneza kingamwili ya E inayolijua vumbi hilo, nayo inakwenda kukaa juu ya seli fulani ndani ya pua, seli zilizojaa kemikali iitwayo histamini. Siku nyingine vumbi lilelile likiingia, seli hizo huimwaga histamini papo hapo. Ndiyo inayoleta kuwasha, chafya, maji ya pua na uvimbe unaoziba pua. Yote hayo ndani ya dakika chache.

Tuchukue mfano wa mbwa wa nyumbani. Kuna mbwa mpole na kuna mbwa mkali, na ukali ule mara nyingi umo katika mbegu yake. Lakini hata mbwa mkali habweki kama hakuna anayepita. Mtoto anaweza kurithi mbwa mkali kutoka kwa wazazi wake. Wapita njia hawarithi. Tafadhali wasomaji mshike mfano huu, maana tutaurudia.

Tunajuaje kuwa kuna urithi?

Mwaka 1916, madaktari wawili wa New York, Robert Cooke na Albert Vander Veer, walichapisha habari za wagonjwa wao zaidi ya 500 wenye mzio. Karibu nusu yao walikuwa na ndugu wa damu wenye matatizo ya jinsi hiyo. Kwa watu wasio na mzio, waliokuwa na ndugu wa namna hiyo walikuwa wachache zaidi. Jambo moja waliloliona ni la maana hadi leo: ndugu wa ukoo mmoja hawakuwa lazima na ugonjwa uleule. Baba alikuwa na pumu, mtoto akawa na mafua. Tena aliyesumbuliwa na chavua aliweza kuwa na mzazi aliyesumbuliwa na farasi. Kinachopita katika damu, basi, ni ule wepesi wa kupata mzio, siyo mzio wenyewe.

Mapacha walitoa ushahidi wenye nguvu zaidi. Mapacha wa yai moja, wale wanaofanana kama shilingi mbili, wana jeni zilezile. Mapacha wa mayai mawili wanashirikiana karibu nusu tu, kama ndugu wengine wa tumbo moja. Katika uchunguzi mbalimbali imeonekana kwamba pacha mmoja wa yai moja akiwa na mafua ya mzio, mwenzake huwa nayo kwa asilimia 45 hadi 60. Kwa mapacha wa mayai mawili ni kama asilimia 25. Urithi, basi, una uzito mkubwa. Lakini tazameni upande wa pili wa hesabu hiyo. Watu wawili wenye jeni zilezile, waliolala tumbo moja na mara nyingi kitanda kimoja, na bado karibu nusu ya wakati mmoja anaugua na mwenziwe haugui! Kama yangekuwa mafua ya damu tupu, jambo hilo lisingewezekana.

Si jeni moja

Wengi wetu tukisikia neno urithi tunafikiria ugonjwa wa selimundu. Huo ni ugonjwa wa jeni moja. Baba akibeba jeni hiyo yenye kasoro na mama akiibeba, kila mimba ina bahati moja kati ya nne ya kumpata mtoto mgonjwa. Hapo kipimo cha damu kabla ya ndoa kina maana kubwa, na tunawahimiza wachumba wakifanye.

Kwa muda fulani watu walidhani mzio nao uko hivyo. Mwaka 1989 kundi la watafiti wa Oxford, Uingereza, wakiongozwa na William Cookson na Julian Hopkin, walitangaza kwamba wameiona alama ya wepesi wa mzio katika kromosomu ya 11. (Kromosomu ni zile nyuzi zinazobeba jeni, tunazo jozi 23.) Habari hiyo ilileta matumaini mengi. Ikaonekana kana kwamba jeni ya mzio imekamatwa. Watafiti wengine walipochunguza familia nyingine, wengi hawakuipata alama ile. Ubishi ulidumu miaka kadhaa.

Leo picha imekuwa wazi zaidi. Mwaka 2018 ulichapishwa uchunguzi mkubwa uliolinganisha jeni za watu 59,762 wenye mafua ya mzio na watu 152,358 wasio nayo. Zilipatikana sehemu 41 katika jeni za binadamu ambazo zinahusika. Arobaini na moja! Na kila moja inaongeza au kupunguza hatari kidogo tu. Baadhi ya sehemu hizo ziko katika kromosomu ya 6, mahali penye jeni zinazouwezesha mwili kutofautisha chake na kigeni. Nyingi zinahusu jinsi askari wa mwili wanavyoamshwa na kutulizwa. Mwaka mmoja kabla, uchunguzi mwingine ulikuwa umeonyesha kwamba pumu, mafua ya mzio na ukurutu wa utotoni vinashirikiana jeni nyingi. Kwa hiyo walichokiona Cooke na mwenzake kwa kuwauliza tu wagonjwa, mashine zimekuja kukithibitisha baada ya miaka mia moja.

Sasa tumjibu yule baba anayenong'ona. Baba na mama wanaweza kila mmoja kuwa na chembe chache za wepesi huo, zisizotosha kumfanya yeyote kati yao apige chafya. Mtoto anachukua nusu ya jeni za baba na nusu za mama, na mgawo huo hauko sawa kwa kila mtoto, kama vile karata zinavyochanganywa upya kila mchezo. Mmoja katika watoto watano anaweza kukusanya nyingi kuliko wazazi wote wawili na kuliko ndugu zake. Huyo ni mtoto wako kabisa. Chafya si ushahidi wa uzinzi, na mwanamume anayemshtaki mkewe kwa sababu hiyo anamtendea jambo zito.

Na bibi anayesema "kwetu hayapo"? Huenda yapo. Wazee wengi waliokuwa na pumu au ukurutu hawakupimwa, na chafya za asubuhi hakuna aliyezihesabu. Mtoto hupokea pande zote mbili.

Kuhusu uchumba, hesabu za madaktari hutofautiana, lakini kwa jumla ni hivi. Wazazi wote wakiwa hawana mzio, mtoto mmoja hivi kati ya wanane au kumi atapata mzio wa aina fulani. Mzazi mmoja akiwa nao, kama mmoja kati ya watatu. Wote wawili wakiwa nao, zaidi ya nusu. Hatuoni kwamba hesabu hiyo inaweza kumzuia mtu kufunga ndoa. Kuchunguza ukoo ni desturi yenye busara, lakini ichunguze ulevi na ukatili kabla ya chafya.

Jambo moja hatuna budi kulisema. Uchunguzi ule wa 2018 ulitumia jeni za watu wenye asili ya Ulaya. Sisi Waafrika tuna tofauti nyingi zaidi za jeni kati yetu kuliko watu wa bara jingine lolote, lakini katika orodha kama hizo tumo kidogo sana. Kwa hiyo mtu akija kukuuzia kipimo cha jeni ili akuambie mwanao atapata mzio au la, weka fedha yako mfukoni. Hata huko Ulaya kipimo hicho hakitumiki hospitalini kwa mafua haya.

Damu moja, maisha mawili

Turudi kwa mbwa wetu na wapita njia. Ujerumani iligawanyika kwa miaka 40 hivi, Mashariki na Magharibi. Watu ni walewale, damu ni ileile. Ukuta ulipoanguka mwaka 1989, daktari Erika von Mutius na wenzake waliwalinganisha watoto wa Munich, upande wa Magharibi, na wale wa Leipzig na Halle, upande wa Mashariki. Wengi walitegemea Mashariki ndiko kutakuwa na mzio zaidi, maana hewa yake ilijaa moshi mchafu wa makaa ya mawe. Ikawa kinyume. Watoto wa Magharibi walikuwa na mafua ya chavua zaidi ya mara mbili. Na miaka ya 1995 na 1996, muda mfupi tu baada ya nchi kuungana na maisha kubadilika, mafua hayo yalikuwa yameongezeka kwa watoto wa Leipzig. Jeni za taifa hazibadiliki kwa miaka mitano.

Mfano mwingine tunaupenda kwa sababu unahusu wakulima. Nchini Marekani kuna jumuiya mbili za Wakristo, Waamish wa Indiana na Wahutterite wa South Dakota. Asili yao ni Ulaya ya kati, jeni zao zinafanana sana, wote wanalima na kufuga. Waamish wanatumia farasi, na zizi liko karibu na nyumba, watoto wanacheza humo tangu wachanga. Wahutterite wanalima kwa mashine kubwa, mifugo iko mbali na watoto. Makala iliyochapishwa mwaka 2016 inaonyesha kwamba waliopimwa na kukutwa na dalili za mzio mwilini ni asilimia 7.2 kwa watoto wa Waamish na 33.3 kwa wale wa Wahutterite. Wenye pumu ni asilimia 5.2 na 21.3.

Huku kwetu pia tofauti ya mjini na shambani imeonekana. Katika uchunguzi wa Kenya uliochapishwa mwaka 1998, watoto wa shule walikimbizwa kisha wakapimwa pumzi. Wale ambao mirija yao ya hewa ilibana walikuwa asilimia 22.9 Nairobi na 13.2 Murang'a. Na huko Gabon, mwaka 2000 iliripotiwa kwamba watoto wenye kichocho ngozi zao hazikushtukia sana vumbi la utitiri, kama kwamba askari wao walikuwa na kazi nyingine. (Msije mkaacha kutibu kichocho! Kinaharibu kibofu na figo, na hakuna daktari anayekitoa kama dawa ya chafya. Wala kumlaza zizini mtu mzima ambaye tayari ana mzio hakutamsaidia. Kinachoelekea kusaidia ni malezi ya tangu utotoni.)

Basi nyumbani tufanye nini?

Akina mama kwanza. Wengi hutuuliza walikula nini wakati wa mimba hata mtoto akawa hivi. Hukula kitu kibaya, mama. Kujinyima mayai, maziwa au samaki wakati wa mimba hakuzuii mzio na kunaweza kukudhoofisha. Mnyonyeshe mtoto maziwa ya mama peke yake miezi sita ya mwanzo, na moshi wa sigara usimfikie kabisa, tumboni na baada ya kuzaliwa. Moshi wa kuni na mkaa nao huchokoza pua. Jiko likikaa nje au kwenye chumba chenye madirisha, familia nzima hupumua.

Ulizeni pande zote mbili za ukoo, bila kulaumiana: nani ana pumu, nani alikuwa na ukurutu utotoni, nani anapiga chafya asubuhi. Mwambieni mganga wa zahanati habari hizo. Kwa mtoto mwenye ukoo wa namna hiyo, ukurutu mara nyingi hutangulia katika uchanga, kisha pumu au mafua hufuata. Mkimwona anasugua pua kwa kiganja kuelekea juu mpaka mstari unajichora juu ya pua, ana weusi chini ya macho, analala kinywa wazi na kusinzia darasani, msimwite mvivu. Hajalala vizuri.

Godoro na mito vitolewe juani mara kwa mara na kukung'utwa mbali na mgonjwa. Mashuka yafuliwe kila wiki kwa maji ya moto sana. Utitiri hupenda joto lenye unyevu, kwa hiyo ndugu zetu wa pwani wana kazi zaidi. Chumba kifutwe kwa kitambaa kibichi badala ya kufagiliwa kikavu. Maua ya altareni kwa kawaida hayana hatia: chavua ya maua makubwa ni nzito na hubebwa na nyuki, ile inayosumbua ni ya nyasi, inayopeperushwa na upepo. Uvumba ni jambo jingine. Moshi wake huichokoza pua ambayo tayari imevimba, na mtumishi wa altare mwenye mafua haya apewe kubeba msalaba, chetezo abebe mwenzake. Tunaamini Baba Paroko hatakataa.

Kuosha pua kwa maji ya chumvi ni dawa rahisi na nzuri: robo mpaka nusu kijiko cha chai cha chumvi katika robo lita ya maji yaliyochemshwa na kupoa. Yasiwe ya bomba moja kwa moja. Dawa ya kupuliza puani ya kutuliza uvimbe, inayoandikwa na daktari, ndiyo yenye nguvu kuliko zote, ila hutumiwa kila siku na huchukua siku kadhaa kuonyesha kazi yake. Wengi huiacha siku ya pili na kusema haifai. Vidonge vya klofeniramini husaidia chafya lakini vinaleta usingizi: dereva wa lori au bodaboda asivimeze na kushika usukani, aombe setirizini au loratadini, ambazo usingizi wake ni mdogo, na hata hizo azijaribu kwanza akiwa nyumbani. Matone ya kuzibua pua yasizidi siku tano, kwa kuwa yakizidi pua huziba zaidi. Antibiotiki hazifanyi kitu hapa. Mkizinunua dukani kila chafya ikirudi, mnapoteza fedha na kuzifundisha bakteria ukaidi.

Mwenye mafua haya akianza kukohoa usiku au kifua kulia kama filimbi, apimwe pumu. Wengi wa wenye pumu wana mafua ya mzio pia, na pua ikitibiwa vizuri kifua nacho hupata nafuu.

Na mtoto mdogo anayetoka kamasi lenye harufu mbaya katika tundu moja tu la pua, huyo hana mzio wala hakurithi kitu. Huenda ameingiza harage, ushanga au punje ya mahindi. Msiichokonoe kwa njiti. Mpelekeni zahanati siku hiyohiyo. Na kama mnashuku ni betri ndogo ya saa, msingoje hata saa moja, maana inaunguza nyama ya pua.